Leza ya glakoma: ushahidi umetoka Moshi, zamu ni ya Rubavu

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa upofu katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ambamo umo mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu. Dkt. Wanjiku Mathenge, bingwa wa macho kutoka Kenya, na wenzake waliwapima watu zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Takriban theluthi mbili ya waliokutwa vipofu walikuwa na mtoto wa jicho, na upasuaji ungeweza kuwarudishia uoni. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, haina huruma hiyo. Huharibu neva ya jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Tangu mwanzo, tiba yake imekuwa mbio za kuwahi.

Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza upasuaji wake wa glakoma mwaka 1857, na kwa zaidi ya karne moja waganga walitegemea kisu na dawa za matone. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza nchini Marekani. Mwaka 1979 James Wise na Stanton Witter walionyesha kuwa leza ya argoni, ikielekezwa kwenye kichujio ambacho maji ya jicho hupitia yakitoka, hushusha presha. Lakini iliunguza na kuacha makovu. Katika miaka ya 1990 Mark Latina alitengeneza njia ya upole zaidi: mapigo mafupi mno yanayolenga seli zenye rangi na kuziacha nyingine salama. Marekani iliidhinisha mwaka 2001.

Je, ingewafaa wagonjwa wetu? Jibu lilitoka hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania. Kuanzia 2015 wagonjwa 201 waligawanywa: wengine matone ya timolol, wengine leza. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu katika asilimia 61 ya macho ya leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale ya matone. Matokeo yalitoka mwaka 2021.

Kwa mama wa Gisenyi anayevuka mpaka alfajiri kwenda kuuza mboga Goma, tofauti hiyo ni kubwa. Matone hudai fedha na kumbukumbu kila siku, maisha yote. Leza huchukua dakika chache, naye hulala kwake siku hiyo hiyo. Akiwa na mtoto wa jicho pia, kuondolewa lenzi kwaweza kupunguza presha, hasa pale njia ya maji inapokuwa nyembamba. Nguvu ya leza hupungua baada ya miaka, hivyo kupimwa hakukomi.

Rwanda imekwisha kuwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kuchunguza macho. Sasa mgonjwa anayetiliwa shaka Rubavu anastahili kupata leza kabla neva haijafa. Nawe uliyevuka miaka 40, hasa kama mzazi au ndugu yako ana glakoma, nenda ukapimwe ungali unaona vizuri.