Mwami hakutawala peke yake: historia fupi ya baraza hapa Bushi

Wengi wanatuuliza: taasisi ya siasa ni kitu gani? Ni kiti chenye sheria zake. Mtu anakikaa, anapita, kiti kinabaki.

Viti hivyo tulikuwa navyo kabla ya Wabelgiji kufika. Mwami aligawa ardhi, na aliyepewa alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe. Lakini Mwami hakujisimika mwenyewe. Bajinji, wazee walinzi wa mila, ndio waliomtawaza.

Tarehe 5 Desemba 1933, dekreti ya Wabelgiji iliuingiza usultani ndani ya utawala wa kikoloni, ukiwa na sanduku la pesa na mahakama yake. Mwami akatakiwa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Akawa anajibu zaidi kwa mzungu aliye juu yake kuliko kwa raia walio chini yake.

Leo, kifungu cha 207 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinatambua mamlaka ya mila. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa usultani vyombo viwili: baraza la kupitisha bajeti na kuisimamia, na kamati ya utekelezaji inayoongozwa na Mwami. Wajumbe wa baraza wanapaswa kuchaguliwa na raia.

Tulipiga kura mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Tulichagua rais na wabunge. Wajumbe wa baraza la usultani, hata mara moja hapana. Na Mumosho yetu ni grupema tu ndani ya usultani wa Kabare: kwa sheria haina bajeti yake wala baraza la kuchaguliwa. Basi mama anayelipa ushuru sokoni hana mjumbe wa kumuuliza pesa imeenda wapi.

Tangu M23 washike Bukavu mwezi Februari 2025, viti vingi vinagombaniwa. Familia iliyohama bado inaanza kwa shefu wa kijiji, maana ndiye aliye karibu. Ndugu zetu, siku mtakapoitwa kwenye kikao, ulizeni kwa heshima swali ambalo Bajinji wangelielewa: nani amekusimika, na nani anaweza kukuuliza?