Mzigo wa arifa

Ni data inayobebwa na arifa moja hadi kwenye simu au kivinjari: kichwa, ujumbe, kiungo na muda wa kuisha. Apple ilipoanza huduma yake ya arifa mwaka 2009 iliruhusu baiti 256 tu. Leo kikomo cha kawaida ni 4,096, nafasi tele kwa mtu wa maneno mengi. Kwa mkazi wa Mutanga Sud, Bujumbura, anayenunua intaneti kwa vifurushi, arifa nzuri hujitosheleza: “Mtihani wa saa nne umeahirishwa” hauhitaji kufungua programu. Badala ya maneno yenyewe, mzigo waweza kubeba ufunguo wa ujumbe uliomo tayari kwenye programu, simu ikachagua Kirundi, Kifaransa au Kiswahili. Salio la pesa lisiwekwe. Skrini iliyofungwa husomwa na yeyote aliye karibu.