Dhamira tegemezi: kujua, kutaka na kuweza katika Kiajemi

Dhamira tegemezi ni umbo la kitenzi linalotaja tendo ambalo halijathibitika: tendo linalotakiwa, linaloombwa, linalowezekana au linalosubiriwa. Katika Kiswahili umbo hilo hutambulika kwa irabu «e» mwishoni mwa vitenzi vya Kibantu: niende, usome, waje. Katika Kiajemi hutambulika kwa kiambishi «be» mwanzoni mwa kitenzi. Mwanafunzi hukutana nalo mapema, kwa sababu vitenzi viwili kati ya vile anavyovihitaji tangu siku za kwanza, cha kutaka na cha kuweza, haviwezi kubeba kitenzi kingine bila ya umbo hili.

Wanasarufi wa Iran huliita «mozaare'-e eltezaami». Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza ni mudhari', ambalo aliyesoma nahau madrasani analijua kama jina la kitenzi cha wakati usiotimia. La pili limetoka katika mzizi uleule uliotupa neno lazima. Kulichukua kama lilivyo na kusema «iltizami» kungempoteza msomaji wa Kiswahili, kwani angedhani kwamba umbo hili ni la mambo ya lazima tu, na sivyo. Dhamira ni namna msemaji anavyolikabili tendo: analiarifu, analiamuru au analitazamia. Tegemezi inaeleza tabia ya umbo lenyewe, kwani mara nyingi huegemea kitenzi kilichotangulia. «Beravam» likiegemea «mikhaaham», maana yake ni «nataka niende». Kwa hiyo dhamira tegemezi ni tafsiri inayobeba maana na kazi pamoja.

Kiajemi hujenga vitenzi vyake juu ya mashina mawili. Shina la wakati uliopita hupatikana kwa kuondoa «an» mwishoni mwa kitenzi-jina. Shina la wakati uliopo mara nyingi halibashiriki, na hapana budi kukaririwa pamoja na kitenzi chake. Katika mifano iliyomo humu, «aa» ni a ndefu, na «kh» hutamkwa kama katika neno la Kiarabu khabar.

Kujua: daanestan, uliopita daanest, uliopo daan.
Kutaka: khaastan, uliopita khaast, uliopo khaah.
Kuweza: tavaanestan, uliopita tavaanest, uliopo tavaan.

Shina la wakati uliopo si geni kabisa kwa Mswahili. Unguja ina alama nyingi za Uajemi: hamamu la Kidichi lililojengwa zama za Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, hamamu la Hamamni la Sayyid Barghash katika Mji Mkongwe, na maneno kama bandari, nahodha, dirisha na rangi, ambayo yalifika pwani ama moja kwa moja ama kupitia lugha nyingine za Bahari ya Hindi. Miongoni mwake limo darubini. «Dur» ni mbali, na «bin» ni shina la wakati uliopo la kitenzi «didan», kuona. Anayesema darubini anatamka shina la Kiajemi, na hapo anaona pia kwa nini ni lazima kulikariri, kwani hakuna kanuni ya kumtoa kwenye «didan» na kumfikisha kwenye «bin».

Wakati uliopo huundwa kwa kutanguliza «mi», kisha shina, kisha alama ya nafsi. Kiswahili huweka nafsi mbele, Kiajemi huiweka nyuma. Midaanam, najua, midaani, unajua, midaanad, anajua, midaanim, tunajua, midaanid, mnajua, midaanand, wanajua. «Midaanid» hutumika pia kwa mtu mmoja anayestahiki heshima. Vivyo hivyo huundwa «mikhaaham», nataka, na «mitavaanam», naweza. Kukanusha ni kutanguliza «ne»: nemidaanam, sijui. Katika mazungumzo ya Tehran maumbo haya hufupika: midunam, mikhaam, mitunam.

Kitenzi cha kujua kinahitaji uangalifu wa maana. Kiswahili hutosheka na neno moja: najua njia, namjua Asha, najua kuogelea. Kiajemi hugawa maana hizo sehemu tatu. Kujua jambo ni «daanestan». Kumjua mtu au kupafahamu mahali ni «shenaakhtan», lenye shina «shenaas»: mishenaasam, namjua. Kujua ustadi, kama kuogelea au kusema lugha, mara nyingi huelezwa kwa neno «balad» pamoja na alama ya nafsi: faarsi baladam, najua Kiajemi.

«Daanestan» hufuatwa na dhamira arifu, kwa sababu kinachojulikana kimekwisha kuthibiti: midaanam ke miravi, najua kwamba unakwenda. Ujuzi ukikosekana na pakawa na jambo la kuamuliwa, dhamira hubadilika: nemidaanam kojaa beravam, sijui niende wapi. Kiswahili hufanya vivyo hivyo, na mifano hii miwili inatosha kuonesha mpaka kati ya dhamira arifu na dhamira tegemezi.

Tofauti kubwa iko kwenye kutaka na kuweza. Mkaazi wa Mji Mkongwe anayetaka kwenda Kiembe Samaki, kusini ya mji karibu na uwanja wa ndege, husema «nataka kwenda Kiembe Samaki», kwa kitenzi-jina, kwa kuwa anayetaka na atakayekwenda ni mtu mmoja. Dhamira tegemezi ni ya lazima pale tu watu wanapokuwa wawili: nataka uende. Kiajemi hakitofautishi hali hizo. Nataka kwenda ni «mikhaaham beravam», nataka uende ni «mikhaaham beravi», na naweza kwenda ni «mitavaanam beravam», ingawa Kiswahili hakikubali «naweza niende». Kosa la kawaida ni kuweka «raftan», kwenda, baada ya «mikhaaham» kwa kufuata mazoea ya Kiswahili. Dawa yake ni kuitafsiri sentensi kwanza kuwa «nataka niende», kisha ndipo kuipeleka kwenye Kiajemi. Aliyesoma Kiarabu ana msaada zaidi, kwani «uridu an adhhaba» ina muundo huohuo.

Kutaka kukiwa kwa wakati uliopita, kitenzi tegemezi hakibadiliki: mikhaastam beravam, nilitaka kwenda, sawa na «nilitaka aende» inavyobakiza «e» yake. Tendo tegemezi likikanushwa, «na» hushika nafasi ya «be», kama «si» inavyoingia katika Kiswahili: mikhaaham naravad, nataka asiende.

Kitenzi «khaastan» kina kazi ya pili. Kikiachwa bila ya «mi» na kufuatwa na shina la wakati uliopita, huunda wakati ujao: khaaham raft, nitakwenda. Kiswahili kilipita njia hiyohiyo, kwani «ta» ya wakati ujao ni mabaki ya kitenzi taka, na umbo lake kamili bado limo katika «atakayekwenda». Kwa hiyo «mikhaaham beravam» ni nia, na «khaaham raft» ni ahadi ya wakati ujao. Umbo hili la pili ni la maandishi na hotuba zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku Waajemi husema «miravam» tu, na neno la wakati kama «fardaa», kesho, hukamilisha maana.