Kamera iliyofuata ngoma: picha za Kinshasa za 1974 na muziki wetu wa Maniema

KASONGO – Vijana wanaopiga video za harusi hapa mjini wameanza kutumia kijiti chenye mota. Simu inawekwa juu yake, na hata mkono ukitikisika picha inatulia. Wengine wameona kwenye intaneti kwamba huko nje kuna mashine kubwa kuliko hiyo, wakauliza: ni kweli kuna kamera inayojiendesha yenyewe mbele ya mwimbaji? Ni kweli. Lakini historia ya kamera na muziki katika nchi yetu inafundisha jambo jingine, na ndilo ninalotaka kuwaeleza, hasa ninyi ndugu mliokimbia Salamabila, Wamaza na vijiji vingine vya Kabambare mkaacha ngoma nyumbani.

Mashine yenyewe ni hivi. Kamera hufungwa kwenye mkono wa chuma unaotembea juu ya reli. Kila kiungo cha mkono huo kina mota yake, na kompyuta ndiyo inayoziamuru zote. Ukiisha kuionyesha njia, inarudia njia ileile kwa mwendo uleule, mara kumi ukitaka. Wamarekani waliitumia sana kwa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ili vyombo vidogo vilivyotengenezwa kwa mkono vionekane kama vinaruka angani. Baadaye ikaingia kwenye muziki. Mwaka 2002 Mfaransa Michel Gondry alimpiga picha mwimbaji Kylie Minogue akizunguka njia panda moja karibu na Paris. Alizunguka tena na tena, kamera ikirudia mzunguko wake, kisha picha zikalazwa moja juu ya nyingine. Kwenye video unamwona Kylie yuleyule akipishana na nafsi yake barabarani.

Sharti lake ni moja: wimbo uwe umekwisha rekodiwa. Unachezwa kwenye bafle, mwimbaji anafungua kinywa kuufuata, na akichelewa hatua chache kazi inaharibika. Hapo muziki ndio unaoifuata kamera. Sasa mpe sharti hilo mpiga ngoma wa Kibangubangu. Yeye anaangalia miguu ya mchezaji. Mchezaji akizidisha, naye anazidisha. Mama mmoja akitoka katikati ya watu na vigelegele, mapigo yanageuka. Mwambie arudie vilevile mara ya pili, atakucheka.

Muziki wa namna hiyo unataka mtu mwenye kamera na masikio. Mfano mkubwa tulio nao ni Kinshasa, mwezi wa Septemba 1974, wakati nchi ikiitwa Zaïre. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane ngumi tarehe 25. Mwanamuziki Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mwenzake Stewart Levine wakaandaa tamasha la siku tatu kabla ya pambano, tarehe 22 hadi 24, katika uwanja wa Mei 20, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Pesa zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, ngumi ikasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha pangwa. Tamasha likaendelea.

Leon Gast, Mmarekani, alipewa kazi ya kupiga filamu. Wapiga picha wake, pamoja na Albert Maysles aliyekuwa na sifa kubwa Marekani, walibeba kamera mabegani. Hawakuwa na kompyuta ya kuwaonyesha njia. James Brown akigeuka, nao wanageuka. Bill Withers anaimba na gita lake peke yake, kamera inabaki usoni mwake wala haina haraka. Miriam Makeba anaimba. Franco yupo na OK Jazz, Tabu Ley yupo na Afrisa. Wakati mwingine picha inatikisika, na mimi naona ni sawa, maana aliyeishika naye alikuwa akisikia muziki.

Na Abeti Masikini yupo. Huyu ni wa kwetu mashariki: alizaliwa Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1954. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa upande wa Lumumba, akauawa Bakwanga mwaka 1961. Mwaka ule wa 1974 binti alikuwa hajafikisha miaka 20.

Picha hizo ziliishia wapi? Magomvi ya pesa na kesi yaliziweka ghalani miaka mingi. Mwaka 1996 Gast alitoa filamu ya Ali na Foreman, When We Were Kings, iliyopata tuzo ya Oscar, na muziki ndani yake ni kidogo. Filamu ya tamasha lenyewe, Soul Power, ilionyeshwa mwaka 2008 tu, miaka 34 baadaye, na humo Wamarekani ndio waliopewa nafasi kubwa. Nyimbo za Waafrika zilitoka kwenye diski zao wenyewe mwaka 2017. Franco alikuwa amefariki mwaka 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, Tabu Ley 2013.

Maniema nayo ina hesabu yake. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu akaongoza Super Matimila. Watanzania walimwita Dokta. Sauti yake tunayo, kwa mfano kwenye albamu Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 iliyotolewa Uingereza. Lakini televisheni ilianza Tanzania bara mwaka 1994. Zile usiku za miaka ya 1980, watu wakicheza mpaka alfajiri, hazikuwa na televisheni ya nchi ya kuzipiga picha. Alifariki Desemba 2010.

Leo kamera imo mfukoni mwa kijana yeyote mwenye simu nzuri, na wazee waliohama Kabambare bado wanaimba kwenye matanga na harusi humu Kasongo. Shida ni ghala: simu inauzwa ili watoto wale, au kadi inafutwa ili kuweka filamu ya ngumi. Kwa hiyo ninyi mnaopiga video, ombeni ruhusa kwanza. Simameni karibu na ngoma, pigeni wimbo mzima bila kukata. Mwishoni mwombeni mzee aseme kwa lugha yake jina la ngoma hiyo na inapigwa kwa jambo gani. Nakala moja ibaki kwa familia yake, nyingine ipelekwe kwenye redio ya jamii. Kijiji alichotoka kitajwe, akikubali. Mahali anapolala sasa pasitajwe.