NEBOSH unafanyia nyumbani: mtu wa Ifakara ajue nini?

Cheti cha kimataifa cha NEBOSH cha usalama na afya kazini, kinachotolewa na bodi ya Uingereza, zamani kilikuwa na sehemu 3: mitihani 2 ya chumbani bila vitabu, na kazi ya vitendo. Sasa zimebaki 2.

IG1: mtihani. Tangu 2020 unaufanyia popote ulipo, na vitabu ruksa. Unapewa mkasa wa eneo la kazi, majibu yako lazima yatokane nao, hivyo kukariri hakukusaidii. Ukimaliza unahojiwa kwa video kuthibitisha kazi ni yako. Badala ya nauli ya kwenda kituo cha mtihani, unahitaji kompyuta, umeme na bando la uhakika.

IG2: vitendo. Unakagua eneo halisi la kazi na kuorodhesha hatari zisizopungua 10. Kinu cha mpunga pale Ifakara kinatosha kabisa: mkanda usio na kava, nyaya zilizochubuka, vumbi la pumba, kelele, magunia ya kubeba mgongoni.

Usichanganye. Cheti hiki hakimwondolei bosi wako wajibu. Sheria Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 4 ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Kwa hiyo haihusu kiwanda cha sukari cha Kilombero tu. Kinu chenye watu 5 nacho kimo. Kazini kwenu mwakilishi ni nani?