Risasi ya kumsimamisha nani?

Baada ya kipindi kilichopita wengi mmeuliza: polisi wa Sweden hubeba bastola gani, na risasi yake inamsimamisha mtu kweli? Huku Fittja hilo si swali la wapenda bunduki peke yao. Wazazi nao wanauliza. Basi nawapa historia yake, maana inapitia karibu na kwetu.

Miaka ya 1890 Waingereza walilalamika kwamba risasi yao mpya nyembamba inapenya tu mwilini, na adui bado anakuja. Kiwandani Dum Dum, karibu na Kolkata, wakatengeneza risasi inayochanua ikigonga nyama. Mwaka 1898 risasi za namna hiyo zikatumika Omdurman, Sudan. Mwaka 1899, mjini The Hague, mataifa yakazipiga marufuku vitani. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alipinga: eti askari mstaarabu akijeruhiwa huacha vita, ila “mshenzi” huendelea tu kukujia. Na marufuku yenyewe ilihusu vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Babu zetu hawakuwemo.

Sasa huku. Polisi wa Sweden zamani walibeba Walther PP ya milimita 7.65. Wakahamia SIG Sauer ya milimita 9, na siku hizi risasi yao ni ya kuchanua. Sababu inayotolewa ina mantiki: isipenye ikampata mpita njia. Lakini ukubwa si kila kitu. FBI, baada ya maafisa wao 2 kuuawa Miami mwaka 1986, walihamia risasi kubwa zaidi, halafu wakarudi kwenye milimita 9. La muhimu ni risasi imeingia wapi na kwa kina gani. Vasastan, Agosti 2018, polisi walifyatua risasi 25 kwa kijana wa miaka 20 mwenye ulemavu wa Down, aliyeshika bunduki ya kuchezea. Zilimpata 3. Alikufa.

Kanuni ya Sweden ya mwaka 1969 inasema polisi akilazimika kupiga, alenge kumzuia mtu kwa muda tu. Mimi naona mjadala uanzie hapo. Kabla ya kubishana milimita ngapi, tuulize nani anaonekana ni wa kuzuiwa kwa muda, na nani bado anaonekana kama yule wa Ardagh.