Ugonjwa wa kuanguka: kutoka Mahenge mpaka Kama

Huko Kama, katika eneo la Pangi, mtu akianguka ghafla na kutetemeka, mate yakimtoka, wengi hurudi nyuma kabla ya kumkaribia. Kuna wanaotaja jina la mjomba au jirani aliyemroga. Kuna wanaoogopa yale mate, wakiamini ugonjwa unapita humo. Woga huo hauko Maniema peke yake. Mwaka 1959 daktari kijana wa kike kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, milimani kusini mwa Tanganyika, kwa Wapogoro, akaukuta vilevile. Wagonjwa wa kifafa walikula pembeni, kila mmoja na sahani yake. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto, kwa kuwa waliangukia mafiga na watu wakasita kuwagusa.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki kwa ajili yao. Dawa yake kubwa ilikuwa moja tu, fenobarbitali. Mashine ya kuangalia ndani ya ubongo hakuwa nayo. Aliwauliza ndugu mgonjwa ameanguka mara ngapi, saa ngapi, upande gani wa mwili ulianza kutetemeka, akaandika, akatoa vidonge. Kati ya waliomeza kila siku, wengi walianguka mara chache zaidi, na wengine wakaacha kuanguka. Katika vurugu za mwaka huohuo alihudumu pia Kongo.

Dawa hiyo ina historia ambayo wakimbizi wa ndani wataielewa haraka. Aliyegundua kwamba inazuia kifafa ni Alfred Hauptmann, daktari wa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1912. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, utawala wa Hitler ulimfukuza kazini, na mwaka 1938 akafungwa katika kambi ya Dachau. Alipotoka aliacha kila kitu akakimbia nchi, akafia Boston, Marekani, mwaka 1948. Kidonge chake bado kinatolewa katika vituo vya afya, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya karibu dawa zote za kifafa.

Lakini kidonge hakisemi ndani ya kichwa kuna nini. Kifafa ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Chanzo chaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, shida wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, au viluwiluwi vya mnyoo wa tegu vilivyofika kwenye ubongo. Kando ya mito yenye maji ya kasi, watafiti wanakihusisha pia na usubi, ule ugonjwa wa kupofusha ambao daktari Mbelgiji Jean Hissette aliueleza huko Sankuru mwaka 1932. Mahenge nako kuna usubi.

Chanzo kingine ni kile ambacho madaktari wanaita kavernoma. Ni fundo la vifuko vidogo vya damu, vimebanana kama punje za tunda la porini. Kuta zake ni nyembamba mno, na damu hupita polepole, mara nyingine ikivuja kidogo kidogo. Si kansa. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 200 anayo, na wengi wao watazeeka bila kujua. Kwa wengine inaleta kifafa, kuumwa kichwa, kufa ganzi, kuona vitu viwili viwili, au damu kumwagika katika ubongo.

Hubert von Luschka, wa Tübingen, aliieleza katika miaka ya 1850. Mwaka 1890 madaktari Bremer na Carson wa St. Louis, Marekani, waliandika juu ya mgonjwa waliyemfanyia upasuaji kwa ajili yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja waliijua hasa wale waliopasua maiti, maana hata picha za mishipa hazikuionyesha, kwa sababu damu yake inakwenda taratibu mno. Skana ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971, na bado nyingi zilijificha. Ni picha za sumaku, IRM, katika miaka ya 1980, ndizo zilizoifichua.

Mwaka 1999 ikapatikana sababu mojawapo ya kuiona katika ukoo mmoja: kasoro kwenye jeni iitwayo KRIT1. Huko New Mexico, familia nyingi zenye asili ya walowezi wa Kihispania zina kasoro ileile, iliyotoka kwa babu mmoja wa zamani. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Vijijini ukoo wa namna hiyo ungeitwa ukoo wa laana, na pengine kuna uliokwisha kuitwa hivyo.

Matibabu ni yapi? Isiyosumbua huachwa, ikaangaliwa kwa picha kila baada ya muda. Inayoleta kifafa hupewa dawa za kifafa kwanza. Iliyovuja damu, au ambayo kifafa chake hakisikii dawa, yaweza kutolewa kwa upasuaji ikiwa iko mahali kisu kinapofika. Ikiwa kwenye shina la ubongo, hatari ni kubwa. Mionzi hutumika pia, ingawa madaktari hawakubaliani juu yake. Kidonge cha kuiyeyusha hakipo.

Kutoka Kama, IRM ni safari ndefu na ya gharama. Wa karibu zaidi kwa kifafa ni muuguzi, na kwa njia ya Bukavu kuna SOSAME, kituo cha Mabruda wa Upendo kilichoanza mwaka 1994. Kwa familia zilizohama, hatari ya kwanza si kukosa skana. Ni kukatika kwa dawa njiani, kwa sababu fenobarbitali ikiachwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo na kuua. Anayeitumia atie vidonge na karatasi ya kipimo katika mfuko uleule wa kitambulisho, na akifika kambini au kwa familia iliyompokea, amtafute muuguzi kabla ya vidonge kuisha. Aliyeanguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Akichelewa dakika tano akitetemeka, au akiumwa kichwa ghafla kuliko siku zote na upande mmoja kulegea, apelekwe hospitali mara moja. Na muuguzi aambiwe kama babu, shangazi au ndugu mwingine naye alikuwa akianguka.